Bushehr na Nkhotakota: Ncha Mbili za Njia Moja

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Dzaleka au Lilongwe hakosi kukutana mapema na swali hili: lugha hii ni ya nani? Vitabu vya darasani humjibu mwanafunzi kwa sentensi mbili tatu, kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokulia pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba imekopa maneno kutoka Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno na Kiingereza. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mwanafunzi aliyezaliwa Uvira au Bukavu, ambaye hajapata kuiona bahari, husoma habari za pwani akadhani anasimuliwa mambo ya watu wengine. Mmalawi wa Lilongwe naye hukutana na neno "Kiajemi" akalipita tu, kwa kuwa hapana aliyemwonyesha Uajemi huo uko wapi, wala una uhusiano gani naye.

Katika makala haya tumekusudia kulieleza neno hilo moja kwa kuliweka juu ya ramani. Tutautazama mkoa mmoja wa pwani ya Iran, nao ni mkoa wa Bushehr. Tutaeleza nchi yake ilivyo na mambo yaliyopita humo. Kisha tutaifuata njia itokayo huko hadi Kilwa, na kutoka Kilwa hadi Nkhotakota, ambako ni mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka hapa petu. Njia hiyo ilipitisha maneno, na ilipitisha watu. Mwalimu anayetaja maneno akawasahau watu huwa amefundisha nusu ya somo.

Nchi Ilivyo

Mkoa wa Bushehr uko kusini-magharibi mwa Iran, ukingoni mwa Ghuba ya Uajemi. Umbo lake ni refu na jembamba, umelala sambamba na bahari kwa zaidi ya kilomita 600. Eneo lake ni kilomita za mraba 23,000 hivi, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Malawi. Sensa ya mwaka 2016 ilihesabu humo watu wapatao 1,163,000. Nyuma ya pwani husimama milima ya Zagros, mstari baada ya mstari, na mahali pengine vilima vyake hukaribia bahari hata ikabaki kanda nyembamba tu ya ardhi tambarare. Mvua ni chache, nayo hunyesha wakati wa baridi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Mitende hustawi, hasa upande wa Borazjan, na samaki ni wengi; lakini nafaka na maji matamu ni vitu vya kutafutwa kwa taabu.

Nchi ya namna hiyo humsukuma mtu baharini. Mbele yake ana maji mapana, nyuma yake ana milima mikavu; chakula chake hakitoshi, ila jirani zake wa bara, wenye miji mikubwa na bustani, wanahitaji bidhaa za ng'ambo. Basi mtu wa pwani hiyo akawa mchukuzi na dalali kati ya bara na bahari. Yafaa wanafunzi waelewe jambo hili kabla ya kusoma jina la mfalme yeyote, kwa maana jiografia ndiyo iliyoanza kuandika historia ya Bushehr.

Kuna jambo la pili la kijiografia lenye manufaa kwetu. Mpaka karne ya 20 pwani hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya jimbo la Fars, ambalo mji wake mkuu ni Shiraz. Shiraz yenyewe haiko pwani. Iko bara, nyuma ya milima, zaidi ya kilomita 150 kutoka baharini. Msomaji aliyezoea kusikia kwamba Washirazi walikuja Kilwa na Unguja kwa majahazi hana budi kujiuliza: waliondokea bandari gani?

Siraf

Bandari mashuhuri kuliko zote za Fars katika karne ya 9 na ya 10 ilikuwa Siraf, ambayo magofu yake yamo katika mkoa wa Bushehr wa leo. Kati ya mwaka 1966 na 1973 Mwingereza David Whitehouse aliongoza uchimbuaji mahali hapo, ukafichua msikiti mkuu, nyumba za matajiri, soko na tanuri za wafinyanzi. Merikebu za Siraf zilifika India na China. Abu Zayd, mtu wa Siraf, ndiye aliyekusanya na kukamilisha kitabu maarufu cha Kiarabu kinachosimulia safari hizo za mashariki.

Merikebu hizo zilifika kwetu pia. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad, alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Omani mwaka 916 hivi, naye anataja kwamba wenye vyombo katika bahari hiyo walikuwa watu wa Omani na wa Siraf. Wataalamu wengi wanaamini kwamba Qanbalu ni Pemba. Mwandishi mwingine wa karne hiyo, al-Istakhri, alieleza kwamba nyumba za Siraf zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu. Upande wetu nao, wachimbuaji wa Shanga, Manda na Unguja Ukuu wamefukua vigae vingi vya mitungi iliyopakwa rangi ya kijani-samawati, ya aina iliyotengenezwa Iraki na Iran. Hivyo mti wa Afrika ulisimama ndani ya nyumba ya Mwajemi, na mtungi wa ng'ambo ukasimama ndani ya nyumba ya Mswahili.

Safari yenyewe ilitawaliwa na pepo. Kaskazi ilivileta vyombo kusini kuanzia mwezi wa Desemba, nayo kusi ikavirudisha kaskazini kuanzia Aprili. Katikati ya pepo hizo mbili baharia alikaa bandarini miezi kadhaa akisubiri. Alipanga nyumba, aliuza, alinunua, na mara nyingi alioa. Hapo ndipo tunapaswa kuutafuta mwanzo wa mambo mengi.

Mwaka 977 hivi Siraf ilipigwa na tetemeko la ardhi, ambalo al-Muqaddasi anasema liliendelea kwa siku saba. Mji haukufa siku ile, lakini haukurudia hali yake. Biashara ikahamia kisiwa cha Kish, na baadaye Hormuz. Pwani ya Bushehr ikangoja karne nyingi kabla ya kupata bandari nyingine kubwa.

Jina la Shirazi

Masimulizi ya Kilwa yanasema kwamba Ali bin Hasan, mwana wa mfalme wa Shiraz, alikuja na jamaa zake katika majahazi saba, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Masimulizi ya namna hiyo yanasikika pia Unguja, Pemba na Komoro. Zamani baadhi ya waandishi wa Kizungu waliyachukua kama yalivyo, wakasema kwamba miji ya Waswahili ilijengwa na wageni. Baadaye wakaja wengine waliosema kwamba jina la Shirazi lilikuwa pambo tu la ukoo, halina chembe ya kweli.

Leo tunaweza kusema kwa uangalifu zaidi. Kwanza, iko alama katika jiwe: maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107, na mwandiko wake wa Kikufi unafanana na ule uliokutwa Siraf. Pili, mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, miongoni mwayo Manda, Mtwapa na Kilwa, na katika mji mmoja wa bara. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili mbili. Asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa mama. Asili ya Asia ilitoka zaidi kwa baba, na sehemu kubwa ya akina baba hao walikuwa Waajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000, yaani karibu na zama ambazo masimulizi ya Kilwa huwekwa.

Kwa mwalimu wa lugha, neno zito hapo ni "mama". Al-Masudi anaandika kwamba Waislamu wa Qanbalu walisema lugha ya Zanj. Kwa hiyo katika karne ya 10 mgeni aliyefika kisiwani alikuta lugha ya watu, akaifuata. Mtoto aliyezaliwa nyumbani humo alibeba nasaba ya baba katika jina, lakini alijifunza kusema kwa mama. Jina la Shirazi ni la kweli kama kumbukumbu ya uhusiano na pwani ya Fars, nalo lilikuwa pia dai la heshima. Lakini halikupata kuigeuza lugha.

Maneno

Tukipanga maneno yetu yenye asili ya Kiajemi, tunaona yanakaa makundi makundi. Liko kundi la bahari na bandari: "bandari" yenyewe, "nahodha", linaloundwa kwa maneno mawili ya Kiajemi yenye maana ya chombo na bwana wake, na "nanga". Liko kundi la kazi na bidhaa: "karakana", "stadi", "pamba", "rangi", "darubini". Liko kundi la utawala na maisha ya mjini: "serikali", "diwani", "dirisha", "bustani". Na liko "bahati", ambalo mfanyabiashara wa bahari hawezi kusafiri bila kulitaja.

Hapana budi tuwatahadharishe wanafunzi kwamba maneno haya hayakushuka yote kutoka katika chombo kimoja cha Siraf. Mengine yalipitia Kiarabu, mengine yalipitia lugha za India, na mengine yalifika katika karne za karibuni. Lakini mpangilio wake unatufundisha jambo: Mwajemi alituachia maneno ya kazi yake. Maneno ya msingi, kama vile maji, mvua, mtu, nyumba, njia, jino, mbuzi na nyama, yalikuwapo kabla yake.

Hapo ndipo mwalimu wa Lilongwe ana faida kubwa kuliko mwenzake wa nchi isiyo ya Kibantu. Aandike ubaoni maneno hayo manane, kisha amwombe mwanafunzi ayaseme kwa Chichewa: madzi, mvula, munthu, nyumba, njira, dzino, mbuzi, nyama. Mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba Kiswahili kwake si mgeni bali ni jamaa. Na akiulizwa chombo cha kusafiria majini huitwaje, atasema "ngalawa", neno ambalo mvuvi wa Unguja hulitumia kila siku.

Wako pia watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambao kila mwaka huadhimisha Mwaka Kogwa, mwanzo wa mwaka wa jua, uitwao pia Nairuzi. Jina hilo ni la Kiajemi, maana yake siku mpya. Na hesabu ya mwaka huo wa siku 365 ilikuwa ya lazima kwa mabaharia na wakulima, kwa sababu mwaka wa mwezi hauendi pamoja na pepo wala na mvua. Jina likakopwa, sherehe ikawa ya Wamakunduchi wenyewe.

Watu

Tumesema kwamba njia hii ilipitisha watu. Sasa yatupasa kuueleza upande huo, ingawa si mtamu kuusimulia.

Mwaka 1734 Nader Shah aliifanya Bushehr kuwa bandari yake ya Ghuba, na mwaka 1763 Waingereza wakafungua kituo chao hapo. Katika karne ya 19 Bushehr ikawa bandari kuu ya Uajemi. Majahazi ya Ghuba yalishuka tena hadi Unguja, Lamu na mlango wa Rufiji yakileta tende, na yakarudi na boriti za mikoko. Nyumba za kale za mji wa Bushehr zimeezekwa kwa boriti hizo, na upana wa vyumba vyake ulilingana na urefu wa mkoko wa Afrika.

Lakini pamoja na boriti yalichukua watumwa. Wengi wao walitoka katika nchi za ziwa letu. Mnamo miaka ya 1840 mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, alifika Nkhotakota, ukingo wa magharibi wa Ziwa Malawi, akajiimarisha na kuanzisha utawala wa akina Jumbe. Majahazi yake yalivusha pembe za ndovu na watu hadi ng'ambo ya mashariki. Kutoka huko misafara ilipita nchi ya Wayao hadi Kilwa Kivinje, na kutoka Kilwa wakapelekwa Unguja. Livingstone alifika Nkhotakota mwaka 1861. Aliandika, kwa kufuata taarifa za balozi Rigby wa Unguja, kwamba watu 19,000 kutoka nchi za Nyasa walipita forodha ya kisiwa hicho kila mwaka. Wengi walibaki katika mashamba ya karafuu. Wengine walivushwa hadi Omani, na baadhi yao wakafika Bushehr na bandari jirani.

Mwaka 1848 Muhammad Shah alitoa firmani ya kukataza watumwa kuingizwa Uajemi kwa njia ya bahari. Biashara ilipungua lakini haikwisha. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la Unguja. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria nchini Iran mwaka 1929. Wajukuu wa watu wale wangali wanaishi katika mikoa ya Bushehr na Hormozgan, ni raia wa Iran, wanasema Kiajemi na lahaja za huko; ngoma na matambiko ya zar ya pwani hiyo yanakumbusha Afrika.

Huku Nkhotakota utawala wa akina Jumbe uliendelea hadi miaka ya 1890, Waingereza walipomwondoa Jumbe wa nne na kumpeleka Unguja. Mpunga waliouleta watu wa pwani ulibaki, Uislamu ulibaki, majina na maneno yalibaki. Ilibaki pia kumbukumbu ya minyororo. Mzee wa Kichewa anayekunja uso asikiapo Kiswahili hana chuki ya bure. Kwa mababu zake hiyo ilikuwa sauti ya msafara.

Darasani

Sasa tulirudie swali tulilolianza. Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza, na leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, makanisani na redioni. Redio ya kambi inaitwa Yetu, na tamasha lililoanzishwa huko mwaka 2014 linaitwa Tumaini. Lakini mwanafunzi wa Kivu akiingia darasani huambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili chake "si Kiswahili", naye hukaa kimya kwa aibu.

Historia tuliyoieleza haimpi mwalimu ruhusa ya kusema hivyo. Kiswahili kilifika Uvira na Kasongo kwa misafara ya karne ile ile ya Jumbe, kama kilivyofika Nkhotakota. Huko nako wenyeji walikipokea, wakakipa sarufi ya midomo yao, akina mama wakawafundisha watoto. Jambo hilo ndilo lililotokea Qanbalu na Kilwa miaka elfu moja iliyopita, ila tu upande wa mgeni na mwenyeji umebadilika. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja katika miaka ya 1920 na 1930, ni chombo cha lazima cha shule, mtihani na kazi. Tukifundishe kwa bidii. Lakini tukifundishe kama nguo ya pili anayopewa mtu, bila kumvua ile aliyokuja nayo.

Kwa mwanafunzi Mmalawi nako tusifiche kitu. Tangu mwaka 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na wafanyabiashara wa Lilongwe wanaofuata mizigo Dar es Salaam kupitia Songwe wanajua faida yake. Faida hiyo isitumiwe kufunika yaliyopita. Tumwambie wazi kwamba lugha hii iliwahi kusemwa na mwenye kufunga na mwenye kufungwa, na kwamba aliyefungwa naye alikuwa na sehemu yake katika kuijenga.

Tunapendekeza basi kwamba walimu wenzetu watoe kazi moja ndogo. Mwanafunzi achore ramani yenye majina saba: Shiraz, Siraf, Bushehr, Unguja, Kilwa, Nkhotakota, na mahali alipozaliwa yeye. Achore mishale ya maneno kwa rangi moja na mishale ya watu kwa rangi nyingine. Kisha aandike aya moja kueleza jina la saba limeunganishwaje na hayo sita. Aya hiyo tusiisahihishe kwa wino mwekundu kabla ya kuisoma hadi mwisho.